Kitambaa Cheusi cha Matroni

Siku yangu ya kwanza kazini Tukuyu sikuiona hospitali, niliisikia. Basi lilinishusha barabarani asubuhi, na ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba sanduku langu nililijua kwa kujikwaa nalo. Mimi ni mtoto wa Kondoa, nimekulia kwenye jua na vumbi, na nilisimama pale nikidhani nimeletwa mahali ambako watu wamekwisha kuhama. Kisha nikasikia magurudumu ya kitoroli cha dawa yakilia juu ya sakafu, mtu akakohoa, na sauti nzito ya mwanamke ikasema, "Kama wewe ndiye muuguzi mpya, fuata sauti yangu. Usipite kwenye majani, yanateleza." Huyo alikuwa Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote wa hospitali ile, na niliendelea kuifuata sauti yake mpaka alipostaafu.

Nayaandika haya kwa ajili yenu wauguzi vijana mnaonikuta sokoni hapa Tukuyu, kata ya Bagamoyo, mkaniita Bibi Sista na kuniuliza zamani tuliwezaje kazi bila mashine. Mnauliza kama watu wanaouliza habari za vita. Mashine zilikuwa chache, ni kweli, ila macho na vidole tulikuwa navyo, na Matroni hakutuacha tuvisahau.

Somo lake la kwanza alinipa asubuhi ileile, hata chai sijanywa. Alinipeleka kwenye kitanda cha mzee mmoja, akanizuia nilipotaka kufungua faili. "Shika mkono kwanza," alisema. "Faili linakwambia alivyokuwa jana. Mkono unakwambia alivyo sasa." Nikaushika. Ulikuwa wa moto na mkavu. Akaniuliza ninaonaje, nikasema ana homa, naye akasema, "Haya, sasa soma faili, uone kama linakubaliana na wewe." Nilimwogopa Matroni na nilimpenda kuanzia hapo, na sikuwahi kuacha lolote kati ya hayo mawili.

Baada ya muda nilihamishiwa kituo cha afya huko Kiwira, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, ambako wagonjwa wetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa ndizi na vijana wa machimboni waliokuja na vifua vilivyojaa vumbi la makaa ya mawe. Mkuu wetu pale, Mganga Mfawidhi, alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye woga mmoja tu maishani mwake: vichupa vya sindano. Aliwahi kuviweka viwili kiganjani mwake akaniambia nimchagulie cha adrenalini. Vyote vilikuwa vidogo, vyote vya kioo, maandishi yake kama miguu ya sisimizi. Nilibahatisha, nikakosea.

"Hawa ni mapacha," alisema. "Mmoja anaamsha moyo, mwingine analaza misuli. Ukimwita huyu kwa jina la yule, hakukosoi. Anaitika tu."

Kuanzia hapo ikawa desturi yetu: dawa ya moyo haivutwi kwenye sindano na mtu mmoja. Mmoja anasoma jina na nguvu yake kwa sauti, mwingine anaitikia akiwa amekishika kichupa mwenyewe. Wagonjwa walidhani tunasali. Sikuwasahihisha, maana hawakuwa mbali sana na ukweli.

Niliporudishwa Tukuyu nilikuta Matroni ameanzisha kona ya wagonjwa mahututi, vitanda viwili mbele ya meza yake, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupumua vibaya bila yeye kujua. Hapo ndipo nilipojifunza adrenalini ya dripu, na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Adrenalini ni dawa ambayo mwili wenyewe huitengeneza ukitishwa. Ukikutana na nyoka shambani, ile ngurumo kifuani ndiyo hiyo. Mgonjwa ambaye presha yake imeanguka, tukishamjaza maji ya kutosha na bado haipandi, daktari huweza kuamua aitiwe hofu hiyo kwa njia ya mshipa, tone kwa tone, ili moyo usukume na mishipa ijikaze. Nimesema tukishamjaza maji kwanza. Kuusukuma moyo ambao hauna cha kusukuma ni kumpiga ng'ombe aliyekauka ili atoe maziwa. Mganga Mfawidhi wa hospitali, ambaye sisi tulimwita Dokta tu, alikuwa akirudia kila mara, "Dawa hii haimponyi mtu. Inamshikilia tu, wakati sisi tunatafuta kilichomwangusha."

Na kwa kuwa inamshikilia, ina masharti kama ya kamba. Huikazi ghafla, huilegezi ghafla. Inapita kwenye mpira wake peke yake. Usichome dawa nyingine humo, maana utakuwa umeisukuma yote iliyomo ndani kwa mkupuo. Iwekwe kwenye mshipa mnene, na ngozi iangaliwe kila mara, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa ngozi inageuka nyeupe, inapoa, na nyama inaweza kufa. Ikigeuka rangi, ikawa ya waridi au ya kahawia, inamwagwa. Chupa ya pili inatayarishwa kabla ya ya kwanza kukaribia kuisha. Vipimo vyake siandiki hapa. Vipo kwenye miongozo yenu na kwa daktari wenu, na visitoke kwenye kumbukumbu za mzee.

Mwanga ndio unaoharakisha kuiharibu. Hospitali nyingine walikuwa na mifuko maalumu ya kufunikia chupa. Sisi tulikuwa na mwavuli wa Matroni. Upepo wa masika uliuvunja vijiti, naye akakata kitambaa chake, cheusi, kizito, kisichopitisha mwanga, akakishona kama mfuko mdogo wenye kamba juu. Chupa ya adrenalini ikipanda kwenye nguzo, inavishwa. Kwetu sisi kilikuwa kifaa kama beseni. Hatukufikiria kinaonekanaje kwa mtu anayeingia mlangoni na mboga ya mgonjwa mkononi.

Subilaga aliletwa kutoka Kawetele akiwa na tumbo gumu kama ubao. Alikuwa mchuma chai, mama wa watoto wadogo, na kidole tumbo chake kilikuwa kimepasuka siku kadhaa zilizopita akidhani ni chango. Dokta alimfanyia upasuaji, akasafisha usaha, akaanza dawa kali za kuua vijidudu. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Tulimpa maji, presha ikagoma. Dokta akasema tuanze adrenalini. Nikasoma, mwenzangu akaitikia, chupa ikapanda, Matroni akaivisha kitambaa.

Presha ilipanda polepole. Subilaga akawa anafumbua macho na kunijibu, kisha anayafumba tena. Lakini mikono na miguu yake ilibaki ya baridi, kwa sababu damu ilikuwa imeitwa ndani kulinda moyo na ubongo. Sisi tulilitegemea hilo, tukawa tunaangalia tu lisizidi.

Mchana, saa ya kuona wagonjwa, akaja wifi yake, Tusekile, dada wa mume. Nilikuwa kitanda cha jirani, nimempa mgongo. Tusekile aliingia taratibu, akaweka chini kikapu chenye mbalaga, zile ndizi za kupika, akaona chupa imevikwa nguo nyeusi. Akashika mkono wa Subilaga, akaukuta kama jiwe la mtoni. Akashika miguu. Hakulia, wala hakuniuliza. Nilipogeuka nilikuta kikapu tu, na nje kwenye ukungu nikaona kivuli cha mwanamke kimesimama na simu sikioni. Sikutilia maanani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba aliwaeleza wazee alichokiona, nao wakaelewa walichoelewa. Mvua zilikuwa haziachi siku zile, na mtu akirudi nyumbani kwa safari hiyo inafaa aikute nyumba yake tayari. Vijana wakaitwa na majembe, wachimbe kaburi.

Haikupita muda mrefu Subilaga akafumbua macho.

"Sista," aliniambia, "waambie wapumzike kidogo."

"Nani, mama?"

"Hawa wanaochimba. Jembe linanipiga hapa." Akaweka mkono wake wa baridi juu ya kifua.

Nikamwambia ni moyo wake, kwamba dawa inaupigisha kwa nguvu, na wengi huusikia. Kweli wengi huusikia. Mmoja aliwahi kuniambia anatwanga mahindi, mwingine kwamba kuna mtu anagonga mlango na hafunguliwi. Subilaga alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayekueleza njia ya kwenda kwako.

"Ndaga, Sista," alisema, yaani asante. "Lakini wamefika kwenye jiwe. Sasa wanahamia upande wa migomba."

Nilikuwa na vidole vyangu kwenye mshipa wa mkono wake aliposema vile, na mapigo yakajikwaa. Moja likaja mapema, likafuata pengo, kisha mengine yakaja ovyo. Nikamwita Dokta. Akasikiliza kifua, akatazama presha, akasema moyo umeanza kuchoka kuchokozwa, tupunguze matone kidogo na tusitoke kitandani. Nikapunguza. Mapigo yakarudi mstarini. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake, na maelezo hayo nayaamini hadi leo. Hata hivyo vidole vyangu sikuvitoa kwenye mshipa ule, na nilimwona Dokta akitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa weupe.

Jioni, ukungu ulikuwa bado umegandamana madirishani walipofika. Alitangulia Mzee Ambakisye, baba mkubwa wa mume, koti refu na fimbo. Nyuma yake Tusekile, macho chini. Mwisho Gwakisa, mume mwenyewe, viatu vimejaa udongo mweusi wa Kawetele. Hakuwa amechimba, mume hachimbi, lakini alikuwa amesimama pale pale. Walikuja kuchukua mwili.

Subilaga aligeuza kichwa, akamtazama mumewe.

"Mmelihama jiwe?" aliuliza.

Gwakisa alikaa chini sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu ambaye miguu yake imekumbuka kazi nyingine. Tusekile alirudi nyuma mpaka mlangoni, kanga ikamtoka begani. Naungama kwamba na mimi niliogopa, nikaushika ule mpira wa dripu kama ninayeshika reli ya daraja.

Mzee Ambakisye ndiye aliyepata sauti. Aliongea na Matroni, kwanza kwa Kinyakyusa, halafu kwa Kiswahili kwa heshima yangu. "Tunamshukuru Kyala, Mungu wetu, kwamba anasema. Ila kabuli limeshafunguliwa, mwanangu. Kabuli halilali wazi. Likilala wazi litaita mtu, na nyumba ile ina watoto. Kama njia yake ni hiyohiyo, mtupe twende naye, akafikie kwake."

Msimcheke mzee yule. Alikuwa anawapigania watoto wa Subilaga kwa silaha aliyokuwa nayo. Na Gwakisa pale sakafuni alikuwa anapima: mke kwenye mizani moja, watoto kwenye nyingine. Nilimwona usoni kwamba angetamka neno lolote ambalo angesukumiwa.

Matroni alikuwa Mnyakyusa wa hapahapa, na hakupoteza muda kubishana na mila za mama yake. "Baba," alisema, "ile chupa ndiyo imemshika mkono. Nikiifungua sasa hivi aende na ninyi, hamtafika naye Kawetele akiwa anasema."

Wakati wanaongea, Tusekile alikuwa amesogea kwenye nguzo. Yeye ndiye aliyepeleka habari, na alitaka kuirudisha. Sasa hebu fikirini jinsi watu wetu wanavyoijua dripu: unatundikiwa, inaisha, unaruhusiwa. Ukitaka kwenda nyumbani mapema, unaomba ikimbizwe. Ndugu wangapi mmewakuta wamelifungua wenyewe lile gurudumu dogo la kwenye mpira ili mgonjwa wao awahi gari? Tusekile aliona chupa bado ina dawa nyingi na jua linakwisha. Alitaka imalizike ili Subilaga ainuke akiwa na nguvu zote ndani yake, atembee mpaka nyumbani, awaonyeshe wanaochimba kwamba yu hai. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya gurudumu.

Dripu ya maji ingemvumilia. Adrenalini ikifunguliwa hivyo, moyo unakimbia mpaka unapoteza mwendo, na humrudishi mtu.

Mimi sikumwona. Aliyemwona ni Subilaga, kutoka kwenye mto alioulalia, au kutoka huko alikokuwa. "Wifi," alisema, bila hasira, "usiwaongezee nguvu. Wako karibu mno."

Nikageuka, nikaukamata mkono wa Tusekile kwa mikono yangu yote miwili. Nao ulikuwa wa baridi, baridi kuliko wa mgonjwa. Tulibaki hivyo, uso kwa uso, hadi kidole kikalegea. Kisha akanilalia begani akalia kwa sauti, kilio kile alichokuwa amekibana tangu mchana.

Matroni hakumkemea. Alitazama chupa, akatazama gurudumu, akahesabu matone kwa saa yake, akaitikia kwa kichwa kwamba ni salama. Halafu akamgeukia mzee. "Kaburi linataka kufunikwa, baba. Halikutaja jina. Lipeni mgomba, kama walivyofanya wazee wenu mtu alipopotea ziwani na mwili usionekane. Huyu ana kazi na mimi."

Mzee Ambakisye aliegemea fimbo yake, akamtazama Gwakisa. Ndipo Gwakisa akainuka sakafuni, akasema neno lake la kwanza tangu aingie. "Baba, nitaukata mimi." Wakaondoka, na ukungu ukawafunika kabla hawajafika getini. Tusekile akabaki. Matroni alimpa kiti na kazi: ashike mkono wa wifi yake, na ukizidi baridi au ngozi karibu na sindano ikigeuka nyeupe, aseme. Sijawahi kupata msaidizi mwangalifu kama yule.

Kesho yake dawa za vijidudu zilianza kushinda, na Dokta akaagiza tumtoe kwenye adrenalini. Kumtoa mtu ndiyo nusu ya ufundi. Tulipunguza kidogo, tukapima presha, tukasubiri. Iliposimama, tukapunguza tena. Ilipolegea, tulirudi nyuma hatua moja bila aibu. Kila tulipopunguza nilimuuliza Subilaga anasikia nini.

"Wamepungua."

Baadaye, "Amebaki mmoja."

Na mwisho, mikono yake ikiwa imeanza kupata joto, aligeuza kichwa kama anayetega sikio kwenye chumba cha pili. "Wamekwenda, Sista. Wameacha majembe."

Matroni akaivua chupa kitambaa chake, akakikunja, akakitia mfukoni mwa sare. Nililia mbele ya wagonjwa, jambo ambalo yeye alinikataza siku ya kwanza, na siku ile alijifanya hajaona.

Nilikwenda Kawetele Subilaga alipokwisha kupona. Gwakisa alinionyesha shimo la kwanza, walilolifukia, na jiwe lililowazuia, jeusi, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Udongo wa Rungwe umejaa mawe ya namna hiyo. Yeyote aliyelima pale angeweza kukisia. Hatua chache kutoka hapo, upande wa migomba, palikuwa na kaburi la kweli, limefunikwa vizuri. Walizika mgomba mzima pamoja na tunguu lake, yaani kile kitako chenye mizizi, na kutoka kwenye kifusi lilikuwa limechomoza chipukizi, jani moja likiwa bado limejikunja. Subilaga alikuwa amefagia kulizunguka.

Sasa nimestaafu. Hospitalini kuna pampu zinazohesabu matone zenyewe na kulia zikichokozwa, na nimefurahi kwa ajili yenu. Lakini pampu haimshiki mgonjwa mkono, na wala haimwelezi ndugu aliyesimama mlangoni kwa nini mkono huo ni wa baridi. Kama mna dawa ya aina hii juu ya nguzo, mtafuteni ndugu kabla macho yake hayajajitafutia maana. Mwambieni kwa nini chupa imevikwa. Mwambieni kwamba hii haikimbizwi. Ni maneno machache, na siku ile yangetosha kuyaacha majembe nyuma ya mlango.

Matroni aliniachia kile kitambaa alipoondoka kazini. Mwaka hadi mwaka nakwenda kumsalimia Subilaga, ambaye sasa ana wajukuu, na hunipa mkungu kutoka kwenye shina lile. Yeye mwenyewe hali ndizi zake. Nilipomuuliza sababu alisema, "Huyo ndiye aliyelala pale kwa ajili yangu. Nitamlaje?"

Safari ya mwisho aliniomba kitambaa. Si kukichukua, alisema, nikae nacho. Ila siku yake itakapofika kweli, nimfunike nacho, ili safari hii wasikosee. Nikamwambia mimi ni mkubwa kwake, huenda nikatangulia.

"Basi atakayebaki atamfunika mwenzake," alisema, akaendelea kufagia.

Kipo kabatini, chini ya sare yangu ya mwisho. Binti yangu nimeshamwelekeza: kikihitajika Kawetele akipeleke siku hiyohiyo, na kikihitajika hapa nyumbani amwite Subilaga. Lakini kwanza anishike mkono, na hata akiukuta wa baridi asimpigie mtu simu. Amuulize muuguzi.